Visanduku vya Mji wa Mbuchi

Kazi niliianza siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Wanaume walikuwa wamerudi msikitini zamani, wameshalala kidogo na kuamka. Basi la kutoka Dar liliposimama stendi ya Kibiti, konda alichungulia dirishani akasema, "Weye si mtoto wa Mzee Hamisi? Mzigo wenu huu." Akanipa bahasha ya kaki iliyofungwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na tovuti.

Nawaandikia nyie wawili, Rukia na Sikudhani, kwa kuwa kazi sasa ni yenu. Najua mtacheka nikisema nimestaafu. Neno si langu, ni la baba. Siku nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne alisimama barazani akasema, "Jamani, Mwanahawa amestaafu," watu wakapiga makofi, na mie nikaenda kujificha jikoni nikajidai naangalia wali. Sitawaandikia habari ya kupanda cheo, maana cheo kilikuwa kimoja na mwenye nacho nilikuwa peke yangu. Nitawaandikia kazi yenyewe, na sehemu inayonifanya hadi leo nikipita mbele ya ule ubao wa barazani kwetu niinamishe kichwa.

Kwanza muielewe tovuti. Kaka Salehe, mtoto wa baba mkubwa, yuko kwenye duka la kompyuta Kariakoo. Miaka hii ambayo kila kitu kinafunguliwa, wanunuzi wa korosho wanakuja na magari yao wenyewe, mitumba inashushwa kwa marobota, simu zinatembea mifukoni, naye akajifunza kutengeneza tovuti. Ya kwanza kuitengeneza ikawa ya ukoo wetu. Ndugu walioko Dar na Muscat wakawa wanaifungua kwenye kompyuta, wanasoma habari za babu zao, wanafurahi. Sisi huku kompyuta tulikuwa tunaisikia tu. Umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta la mwenye banda la video. Basi Salehe akawa anaichapa kurasa kwa kurasa, anampa konda, mie naipokea, naibandika ubaoni barazani kwetu, nawasomea wasiosoma na wasiotaka kuvaa miwani mbele za watu, kisha naandika maoni ya kila mmoja na bahasha inarudi Dar na basi la alfajiri. Wazee wakawa wanauliza, "Tovuti imefika?" kama wanamuulizia mgeni. Babu mdogo Athumani aliniuliza mara moja kama tovuti imekunywa chai.

Siku ile ya kwanza nilisoma kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtu wa pili hakusikia. Baba akasema nirudie. Nikarudia, ikawa ndogo zaidi. Aliyeniokoa ni Shangazi Tatu, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi na sahani yake ya vitumbua. Akasema, "Mwacheni. Mwanangu, nisomee mie, hao wengine watadandia." Nikamtazama yeye tu, nikasoma, na watu wote wakasikia. Hilo liwe la kwanza kwenu. Msisome mbele ya watu, msomeeni mtu.

Shangazi Tatu ndiye aliyenifundisha kazi. Yeye ni wa mji wa Mbuchi, tawi la ukoo lililoko kule delta, ndani kwenye mikoko na mashamba ya mpunga, lakini ameolewa hapa Kibiti tangu baba hajaota ndevu. Tunamwita shangazi kwa kuwa ni shangazi. Likizo ya kwanza alinichukua kwao kukusanya majina. Tulikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia mpunga, tukipiga kelele kufukuza ndege, na katikati ya kelele ndipo alipokuwa akiuliza. Nilidhani anapoteza wakati. Kumbe mtu ambaye macho yake yako shambani hana nafasi ya kupanga uongo.

Alinifundisha usimuulize mtu, "Babu yako nani?" Atakupa jina analolipenda. Muulize babu alipokufa nani alimwosha, nani alishika jembe makaburini, matanga yalilaliwa nyumba ya nani. Hapo watoka wote, mpaka waliogombana. Mwanamke usimuulize habari za watoto waliokufa akiwa amesimama. Ngoja akae, na ukiweza ushike kazi yake mkononi, umpepetee mchele au umkunie nazi. Usimuulize yeye ni mke wa ngapi. Mzee akidanganya mwache afike mwisho, mshukuru, kisha kesho yake umuulize tena kuanzia katikati. Na Mzee akikwambia hakumbuki, nenda kwa mkewe wa zamani.

Kwa vifaa nilikuwa na kalamu za wino mweusi (bluu inachuja ikilowa), pini, gundi ya kupika ya unga wa muhogo, na mfuko wa nailoni wa kuvika bahasha masika. Gundi ya muhogo inaliwa na mende. Mji wa Ngarambe walipoteza babu mzima kwa ajili ya mende, nikaandika upya.

Tovuti ile ya zamani ilikuwa maneno matupu, haina rangi wala picha. Ilisomeka kama mtu anayesimulia. Ilianza na Mzee Ngwale aliyeshuka kutoka milima ya Umatumbi, kisha mji kwa mji: mji wa Mkongo, mji wa Ngarambe, mji wa Mbuchi. Sehemu ya Mbuchi nilikuwa naijua kwa moyo kwa sababu niliiandika mie kutoka midomoni mwa wazee: "Mji wa Mbuchi ni wa kwetu. Waliingia mwaka wa njaa, tukala nao, tukaoana, tukazikana." Basi. Hakuna mtu aliyewahi kuuliza waliingiaje. Ukishazikana na mtu utamuuliza nini tena.

Nilipoingia kidato cha nne Salehe akaandika kwamba tovuti inabadilishwa. Bahasha ilikuja nene. Kurasa zilikuwa na rangi, na maneno yote yamekwenda. Mahali pake pakawa na visanduku, kila mtu kisanduku chake, na mistari ya kuwaunganisha baba na mtoto. Wengine walikuwa na picha zao za pasipoti ndani ya visanduku. Na mwisho kukawa na ukurasa mpya unaoitwa kitabu cha wageni, ambamo maoni tuliyokuwa tunatuma yangewekwa kama yalivyo, kila mtu na jina lake, dunia nzima isome.

Nikabandika. Watu walijaa mpaka kwenye ua. Maoni yao niliyaandika yote na hapa natia machache. Vijana walisema sasa ndiyo tovuti. Baba mdogo Seif alipata kisanduku chenye picha yake ya suti, akasema mabadiliko ni mazuri sana na yaendelee. Mama yangu alisema hajioni. Nilimtafutia tukamkuta kwenye kona, ameandikwa jina lake na la baba yake, si Mama Mwanahawa. Alilitazama akasema, "Huyu mtoto wa shule nani?" Babu mdogo Athumani alisema mti umepandwa kichwa chini, Mzee Ngwale ambaye ni shina wamempandisha juu kwenye majani. Nikamweleza kwamba ndivyo inavyofanywa. Akasema, "Na wanaofanya hivyo, mihogo yao inaota?"

Mji wa Mbuchi wote ulikuwa pembeni, kwenye ukingo wa karatasi. Visanduku vyao vilikuwa vimeunganika wenyewe kwa wenyewe vizuri tu, lakini mstari wa kuwafikisha kwa Mzee Ngwale haukuwapo. Salehe aliandika kwa penseli: hapa kompyuta inataka kujua nani alimzaa nani. Shangazi Tatu alisogeza uso karibu akatazama. Akasema, "Wametuweka uani," akacheka, sote tukacheka.

Hapo akaingia Mzee Pongwa.

Mzee Pongwa ni mtani wa ukoo wetu. Babu zake na babu zetu walitaniana, naye ana haki ya kutusema lolote na kutuchukulia chochote, nasi kwake hivyo hivyo, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Matangani kwa bibi yangu alivaa khanga za marehemu, akatembea kwa mwendo wa bibi ule wa kuvuta mguu, akakohoa kikohozi chake, akawafokea wakwe zake kwa sauti yake hasa. Mama alikuwa amelia tangu alfajiri mpaka sauti imekauka, na alipomwona Pongwa akacheka hadi akakaa chini. Ndipo akaweza kula. Shangazi Tatu, Mzee Pongwa alikuwa anamwita "mke wangu." Na mume wa Shangazi, Pongwa alikuwa anamwita "mlinzi."

Basi alitazama ubao akiwa ameweka mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akafika ukingoni.

"Na hawa uani ni akina nani?"

"Mbuchi," nikasema.

"Aa. Mali yangu hiyo. Andika, mtani." Akanigeukia, na mie nikashika kalamu maana baba alikuwa ameniwekea sheria tangu mwanzo: andika anachosema mtu, usimrekebishe. "Andika hivi. Mimi Pongwa nawashukuru kwa kunitunzia watu wangu. Babu yangu aliwanunua wote kwa pakacha moja la samaki ng'onda, tena ng'onda wenyewe walishaanza kunuka. Akawaacha kwa Ngwale wamngojee, akasahau kuwapitia. Mwaka huu nakuja kuwachukua, nitaanza na mke wangu Tatu na vitumbua vyake."

"Njoo na gari kubwa," Shangazi akasema. "Mie sipandi baiskeli."

Watu walicheka mpaka Babu mdogo akapaliwa na chai. Mie mwenyewe nilicheka huku naandika, herufi zikawa zinapinda. Nikaandika yote, nikatia bahasha, nikampa konda. Sikufikiri hata kidogo. Neno lile la kununuliwa tumelisikia kwa Mzee Pongwa tangu utotoni, kwenye kila harusi na kila msiba, ametununua sote kwa zamu. Lakini hapo kabla lilikuwa halijawahi kuondoka barazani bila ya yeye kuwa nyuma yake akikenua meno.

Bahasha iliyofuata ilikuwa nyembamba. Ilikuwa Jumamosi, baba alikuwa na baba mdogo Seif barazani pamoja na wazee wa siku zote. Nikafungua nikaanza kubandika kabla sijasoma, na hilo nalo msije mkalifanya. Visanduku vya Mbuchi havikuwapo. Ukingo wa karatasi ulikuwa mweupe. Kwenye kitabu cha wageni maneno ya Mzee Pongwa yalikuwa yamechapwa safi, na chini yake maoni ya wanachama wa Dar na Muscat. Mmoja aliandika kwamba amesikitika sana kuona historia ya utumwa ndani ya ukoo na anaomba isifichwe. Mwingine aliandika kwamba isitangazwe, watoto wake wanasoma. Mwingine aliuliza kama mtu aliyenunuliwa anahesabiwa kuwa ukoo. Wapo waliogombana. Mwisho Salehe ameandika: baada ya maoni ya wengi, mji wa Mbuchi umeondolewa kwa muda mpaka uthibitisho upatikane.

Nilimsomea baba polepole. Nilitegemea atacheka awaonee huruma watoto wa mjini wasiojua mtani ni nani. Baba mdogo Seif akacheka kidogo, halafu akaacha.

"Salehe amekuwa Mswahili wa wapi," akasema. "Lakini hebu tuseme. Hao watu waliingiaje?"

"Mwaka wa njaa," akasema mzee mmoja.

"Mwaka wa njaa watu walikuwa wanaingia kwa namna nyingi. Watu walikuwa wanawekwa rehani kwa kibaba cha mtama. Nauliza tu."

Nilimtazama baba. Alikuwa anakunakuna goti. Niliona kitu kinapita barazani pale, nyuso za watu ninaowajua zinafanya hesabu, zinamkumbuka fulani wa Mbuchi na rangi yake na fulani na jinsi anavyojishusha akiingia, na utani tuliocheka miaka yote ukawa unageuka mbele ya macho yangu kuwa habari. Sitaki kusema ni wao tu. Na mie nilijiuliza. Kwa muda mfupi sana nilijiuliza kama ni kweli, na nikajikuta nimefurahi kwamba mie ni wa mji wa Mkongo.

"Tungoje huo uthibitisho," baba akasema. "Mwandikie Salehe tumepokea."

Nilikuwa bado nimeshika pini mkononi Shangazi Tatu alipoingia na sahani yake imefunikwa kawa.

"Tovuti imefika?" akasema. "Kwetu wametuweka wapi safari hii, jikoni?"

Baba akasema, "Dada, kaa kwanza, pumzika."

"Sikuchoka. Mwanangu, nisomee."

Baba alinitazama, na macho yake yalisema nisisome. Ningeweza kusema kichwa kinaniuma, ningeweza kusema karatasi imelowa. Lakini mtu ambaye kila siku nimemsomea yeye ndiye alikuwa amesimama mbele yangu, na sikuwa na namna nyingine ya kusoma ila kumtazama. Nikasoma. Nilisoma maneno ya Mzee Pongwa, naye akacheka, "Huyo bwana, ng'onda wenyewe wananuka." Nikasoma maoni ya Dar. Nikasoma la Muscat. Nikasoma la Salehe. Sauti yangu siku ile haikuwa ndogo, sijui kwa nini.

Shangazi akawa bado ana tabasamu, anawatazama watu mmoja mmoja akingoja nani ataanza kucheka ili na yeye ajibu. Hakuna aliyeanza. Baba mdogo Seif akatazama nje kama kuna mtu anamwita.

Tabasamu likatoka. Akasema kwa upole tu, "Seif. Mama yako nilimwosha mie. Uliniuliza uthibitisho?"

"Dada, si sisi, ni huko Dar..."

"Nimekuuliza weye."

Akakifunika kitumbua kimoja kilichokuwa kimejitokeza nje ya kawa, akaondoka na sahani yake. Ilikuwa mara ya kwanza vitumbua vile kutoka nyumbani kwetu havijaliwa.

Nilimkimbilia mpaka kwenye michungwa ya jirani. Nilikuwa nalia kwa pua tu. Akasimama akanifuta kwa ncha ya khanga.

"Umesoma vizuri," akasema. "Hukumeza neno."

Sijawahi kusifiwa sifa iliyoniuma kama ile.

Baada ya hapo tukakaa kwa aibu, kila mtu kwake. Shangazi hakugombana na mtu. Akikutana nasi anaamkia, anaulizia afya, anapita. Watu wa Mbuchi waliokuwa wanalala kwetu wakija hospitali wakaanza kulala kwa watu wengine. Baba akawa hali vizuri. Mwisho akasema liko jambo moja tu, aitwe Mzee Pongwa aseme mwenyewe mbele ya ukoo kwamba alikuwa anatania, iandikwe, ipelekwe Dar.

Akaitwa, na Shangazi akaitwa, akaja kwa sababu aliyemwita ni kaka yake. Mzee Pongwa aliingia na vituko vyake, akakaa kwenye kiti cha baba, akauliza leo wanagawa nini.

"Mtani," baba akasema, "leo hatutanii."

"Kumbe kwenu iko siku hiyo."

Baba akamweleza yote. Alipoanza Mzee Pongwa alikuwa anatikisa mguu. Mguu ukasimama. Akaomba nimsomee yale ya Dar na Muscat, nikamsomea.

"Sasa mnataka nini?"

"Useme kwamba ulikuwa utani."

"Hamisi." Hakuwahi kumwita baba kwa jina. "Mtani akishasema nilikuwa natania, anakuwa nani? Wewe unamjua mtani wa kueleza? Kesho kwenye msiba wenu nitasimama niseme kitu, halafu nigeuke niseme samahani wafiwa, ule ulikuwa mzaha?"

"Naelewa."

"Huelewi. Ungeelewa ungewajibu wale watoto wenu mwenyewe. Wewe si mwenyewe wa ukoo? Ungesema mji wa Mbuchi ni wetu, kwisha. Mbona unaniita mie?"

Baba akakunakuna goti, na mie nikatazama vidole vyangu vya miguu. Mzee Pongwa akamgeukia Shangazi Tatu aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake. Akavua kofia.

"Bi Tatu," akasema.

Wanawake wakainua vichwa. Shangazi akainama.

"Bi Tatu, mimi nilisema uongo. Babu yangu hakumnunua mtu wa kwenu. Nimekuvunjia heshima wewe na watu wako. Naomba radhi." Halafu kwangu, bila ya kunitazama, "Andika hivyo hivyo, binti."

Nikaandika. Alikuwa anamaanisha kila neno, na hakuna aliyeweza kutazamana na mwenzake. Shangazi akasema kwa sauti ya chini, "Nimekusamehe, Mzee Pongwa." Pongwa akavaa kofia, akaaga kwa heshima kila mtu, akatoka, na kiti cha baba kikabaki wazi kwa muda mrefu kabla ya mtu kukikalia.

Salehe akarekebisha. Visanduku vya Mbuchi vikarudi, na mstari wa nukta nukta mpaka kwa Mzee Ngwale, kwa kuwa kompyuta ilikubali nukta. Pembeni Salehe aliandika maneno ya zamani, tukala nao, tukaoana, tukazikana. Neno la Mzee Pongwa likafutwa kwenye kitabu cha wageni, na radhi yake pia ikafutwa, kwa kuwa ingebakia peke yake isingeeleweka. Maoni ya wanachama yakawa mazuri. Wa Dar waliandika kwamba suala limekwisha kistaarabu. Baba mdogo Seif alikwenda kwa Shangazi na mchele, akapokewa. Shangazi akarudi kuja barazani. Lakini tovuti ikifika hasemi tena nimsomee. Anakaa anachambua mchele, nasoma nikimtazama, naye anatazama ungo.

Yaliyobaki ya kazi yangu ni ya kawaida, mtayakuta kwenye bahasha. Nikamaliza shule, nikastaafu kama nilivyowaambia.

Halafu juzi Babu mdogo Athumani akafa. Nyie mlikuwapo, lakini mlikuwa jikoni. Mie nilikuwa naandika nani ameosha na nani ameshika jembe, kwa mazoea tu. Mzee Pongwa alikuja saa za mazishi amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akavua viatu akavipanga. Akatupa mkono wa pole, mmoja mmoja, akakaa na majirani. Watu walikuwa wanamngoja. Babu mdogo alikuwa na mambo mengi ya kuigwa, ule mkono wa kushika kikombe na yale maswali yake. Mzee Pongwa akasoma dua na wenzake, akala alichopewa, akaosha mikono, akaomba ruhusa ya kuondoka. Hakuchukua hata kijiko. Msiba ukawa kimya, wa adabu, na bibi mdogo, mke wa marehemu, alikaa na sahani ya wali mbele yake mpaka ukawa baridi, hakuna wa kumchekesha. Baba alinong'ona, "Tumemuua na huyu." Shangazi Tatu aliyekuwa jirani alisikia. Akasema, "Mie nilisamehe. Sikuambiwa kuna namna nyingine."

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Pongwa. Sikumwambia mtu. Njiani nilirudi nyuma mara moja nikajifanya nimesahau kitu.

Alikuwa amekaa uani anabangua korosho. Sikumpa shikamoo. Nilipita mbele yake nikaenda moja kwa moja kwenye baiskeli yake iliyoegemezwa ukutani, nikaishika usukani, nikaanza kuikokota kuelekea njiani. Masikio yangu yalikuwa ya moto.

"Hiyo baiskeli inakwenda wapi?" akauliza.

"Kwa mwenyewe."

Akaacha kugonga korosho. Nikaendelea kukokota. Gurudumu la nyuma lilikuwa linaburuzika.

"Ina pancha."

"Nimeona. Mlipoiba hamkuangalia?"

Nilikuwa nimefika karibu na njia na sikuthubutu kugeuza uso.

"Kwenu," akasema taratibu, "watoto hawafundishwi kuamkia?"

"Tunafundishwa," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. "Kuamkia watu."

Nikasikia jiwe la korosho likiwekwa chini.

"Pampu iko ndani, nyuma ya mlango," akasema. "Ukiamua kuniibia usiniibie nusu."

Nikaiegemeza baiskeli kwenye mti, nikarudi, nikapita mbele yake tena bila ya kumwamkia, nikaingia ndani, nikaichukua.